Nkoroi: Ardhi ya mwamba na mbinu za kuichimba

KATIKA ploti nyingi za Nkoroi, sururu huanza kutoa cheche kabla mchimbaji hajazama kiunoni. Udongo wa juu huisha, jiwe huanza, na bei iliyopatanwa asubuhi hugeuka kuwa mzozo ifikapo alasiri. Mwenye ploti alidhani amenunua ardhi, kumbe amenunua mwamba uliotandikiwa blanketi jembamba la udongo.

Kitongoji hiki kiko katika Kaunti ya Kajiado, kando ya barabara ya Magadi, baina ya Ongata Rongai na Kiserian, mahali penye mwinuko wa zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Wengi wanaojenga huko ni watu wafanyao kazi Nairobi ambao bei ya ardhi ya jijini iliwashinda. Sensa ya mwaka 2009 iliwahesabu wakazi 687,312 katika eneo lote la Kajiado. Ile ya 2019 ilipata 1,117,840, na kati ya hao mji wa Ongata Rongai peke yake ulikuwa na watu 172,569. Kila familia inayohamia huhitaji msingi wa nyumba, choo au tangi la maji taka, mtaro wa bomba la maji na, tangu nyaya za mawasiliano za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009, mtaro wa faiba ya intaneti. Yote hayo ni kazi ya kuchimba.

Makala haya yanaeleza ardhi hiyo ilivyo, mbinu zinazotumika kuipasua, mahali ambapo mbinu ya kuchimba kwa maji yaweza kufaa na mahali isipoweza, na hatari zinazomkabili anayeshuka shimoni pamoja na jirani anayekunywa maji ya kisima.

ARDHI YENYEWE

Vilima vya Ngong, vinavyoonekana upande wa magharibi, ni masalio ya volkano kubwa iliyolipuka mamilioni ya miaka iliyopita. Sehemu yake ya magharibi ilididimia Bonde la Ufa lilipopasuka, ikabaki hii ya mashariki inayotazama Nairobi. Volkano hiyo na nyingine za jirani zilimwaga lava na majivu tabaka juu ya tabaka hadi nyanda za Athi.

Wanajiolojia waliochora ramani ya eneo la Nairobi waliyapa matabaka hayo majina ya mahali: fonolaiti ya Kapiti, trakaiti ya Mbagathi, fonolaiti ya Kandizi, tufu za Athi. Fonolaiti na trakaiti ni lava iliyopoa ikawa jiwe gumu, lenye rangi ya kijivu hadi nyeusi. Tufu ni majivu ya volkano yaliyogandamana. Hili ni jiwe laini zaidi, na aghalabu huweza kukatwa kwa zana za mkono. Kwa hivyo swali la kwanza la mchimbaji halipaswi kuwa kama kuna mwamba, bali ni mwamba wa aina gani. Mashimo mawili yanayotenganishwa na ua mmoja yaweza kutofautiana kabisa: hili likaisha kwa siku 4, lile likachukua wiki 4.

Juu ya mwamba hulala udongo. Penye mteremko na maji yasiyotuama, udongo huwa mwekundu na hukaa imara. Penye tambarare, hasa kuelekea Kitengela na nyanda za Athi, hupatikana udongo mweusi wa mfinyanzi ambao mafundi huuita udongo wa pamba. Huu hufura unaponyeshewa na kusinyaa wakati wa kiangazi, ukiacha nyufa ambazo mtu anaweza kutumbukiza mkono. Nyumba iliyojengwa juu yake bila kuuondoa hupasuka kuta. Ndiyo sababu wajenzi huuchimba wote hadi kufikia mwamba au tabaka imara, kisha hujaza mawe na maramu. Hapo mwamba ambao ni adui wa mchimba choo huwa rafiki wa mjenzi wa msingi. Ghorofa lililosimama juu ya fonolaiti ngumu isiyo na nyufa lina msingi ambao wenzake wa Kitengela huugharamia kwa malori mengi ya mawe.

Kuhusu baridi, jina Nairobi lenyewe latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi, na kuanzia Juni hadi Agosti upande wa Ngong hufunikwa na ukungu asubuhi. Hata hivyo, ardhi ya hapa haigandi. Ili kuona udongo ulioganda nchini Kenya, mtu hana budi kupanda hadi miinuko ya juu ya Mlima Kenya. Jambo hili lina umuhimu wake, kama itakavyoonekana mbele, kwa kuwa mashine ya kuchimba kwa maji ilikua katika nchi ambazo ardhi huganda.

NYUNDO, KABARI NA MOTO

Kazi kubwa ya kuchimba Nkoroi bado hufanywa na mikono. Vifaa ni sururu, mtaimbo, beleshi, nyundo kubwa na tindo. Mchimbaji mwenye uzoefu hasukumi nguvu ovyo. Hutafuta kwanza ufa wa asili, akaupanua kwa mtaimbo, akang'oa jiwe zima badala ya kulisaga. Lava inapopoa hupasuka yenyewe katika mapande, na anayejua kuisoma mipasuko hiyo huokoa nusu ya jasho lake.

Pasipo na ufa, mchimbaji huutengeneza. Hutoboa safu ya matundu katika mstari, akatia kabari za chuma na kuzigonga moja baada ya nyingine, zamu kwa zamu, mpaka jiwe liachie. Mbinu hii ni ya kale na bado ndiyo bora kwa anayetaka mawe ya kujengea kutokana na shimo lake mwenyewe.

Pia kuna moto. Magogo huwashwa juu ya mwamba kwa saa kadhaa, kisha jiwe humwagiwa maji baridi. Uso uliotanuka kwa joto husinyaa kwa ghafla na kuchanika. Wachimba migodi wa kale waliitumia sana mbinu hii, na mwanahistoria wa Kirumi, Livy, alidai kwamba Hannibal alipokuwa akivuka milima ya Alps mwaka 218 kabla ya Kristo aliwasha moto juu ya jabali lililomzuia, kisha akalimwagia siki. Badala ya kuni, baadhi ya wachimbaji wa siku hizi hutumia magurudumu makuukuu ya magari. Gurudumu huwaka kwa muda mrefu na halina gharama, lakini moshi wake mweusi una sumu nyingi, huenea mtaa mzima, na kinachobaki ndani ya shimo baada ya moshi kutoweka ni cha hatari zaidi kuliko kile kinachoonekana.

Mwenye pesa zaidi hukodi kompresa, yaani injini inayoshindilia hewa na kuipeleka kwa mpira hadi kwenye nyundo ya hewa. Mwenye nafasi ya kutosha huleta tingatinga lenye nyundo ya chuma mbele ya mkono wake. Tingatinga hufanya kwa saa chache kazi ya wiki nzima, ila haliwezi kuingia katika ploti ya futi 50 kwa 100 ambayo tayari ina nyumba, ua na miti. Hili ni kosa la mpangilio ambalo hutokea mara kwa mara: nyumba hujengwa kwanza, shimo la maji taka hukumbukwa mwisho, na mashine iliyokuwa na njia wakati wa msingi haina njia tena.

Njia nyingine ni unga wenye chokaa isiyozimwa. Huchanganywa na maji na kumiminwa katika matundu yaliyotobolewa, nao hufura polepole na kuupasua mwamba kwa muda wa takriban siku moja bila kelele wala mtikisiko. Ni ghali, na mtu akiinamia tundu unga ukiwa bado unafanya kazi, waweza kumrukia machoni. Baruti nayo hutumika katika machimbo ya mawe na ujenzi wa barabara, lakini Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115, hairuhusu mtu asiye na leseni kuishika. Katika mtaa wenye nyumba zilizobanana, mlipuko mmoja waweza kuzaa kesi kadhaa za kuta zilizopasuka.

Linalowashangaza wengi ni wingi wa mawe yatokayo. Tuseme tangi la urefu wa mita 3, upana wa mita 2 na kina cha mita 3. Hizo ni mita za ujazo 18. Mita moja ya ujazo ya mwamba mgumu ina uzani wa karibu tani 2.5, hivyo shimo hilo hutoa takriban tani 45. Isitoshe, mwamba ukivunjwa huongezeka ujazo kwa karibu nusu kwa sababu ya mianya, na mita 18 huwa kama 27. Lori la tani 7 litahitaji safari 7. Mwenye ploti ambaye hakupatana mapema kuhusu nani atayaondoa mawe hayo hujikuta ana kilima uani.

KUCHIMBA KWA MAJI

Wazo la kutumia maji kama sururu si geni. Warumi waliyaangusha maji milimani ili kuporomosha ardhi yenye dhahabu nchini Hispania, na makovu ya kazi hiyo huko Las Médulas yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya turathi za dunia mwaka 1997. Huko California, mwaka 1853, mchimba dhahabu Edward Matteson alielekeza mpira wa maji kwenye ukingo wa changarawe. Mbinu hiyo ilienea na kujaza mito matope kiasi kwamba wakulima wa bondeni walikwenda mahakamani, na mwaka 1884 Jaji Lorenzo Sawyer akawapiga marufuku wachimbaji kumwaga taka zao mitoni.

Mashine inayotumika siku hizi ni kitu tofauti. Ni lori lenye matangi mawili. Tangi la kwanza hubeba maji safi, ambayo pampu huyasukuma kwa shinikizo kubwa kupitia ncha nyembamba inayoshikwa na mfanyakazi. Maji hayo huukata udongo na kuugeuza tope. Papo hapo bomba nene lenye mvuto wa ombwe hulifyonza tope hilo na kulimimina katika tangi la pili. Shimo hubaki safi, na kile kilichofukiwa humo, kama vile bomba au kebo, huonekana bila kuguswa na chuma.

Msomaji wa Rongai hahitaji kusafiri mbali kuielewa mashine hii. Nusu yake anaijua tayari. Lori la kunyonya maji taka, ambalo hupita mitaani kila siku kwa kuwa sehemu kubwa ya vitongoji hivyo haina mfereji wa majitaka wa umma, hufanya kazi kwa ombwe lile lile. Nusu ya pili aliiona alipokwenda kuosha gari. Ukiunganisha hizo mbili na kuongeza nguvu ya pampu, umepata lori la kuchimba kwa maji.

Nchi iliyoikuza mbinu hii ni Kanada, hususan mkoa wa Alberta wenye mabomba mengi ya mafuta na gesi. Majira ya baridi huigandisha ardhi ya huko ikawa kama saruji, na jembe la tingatinga linapolazimisha njia laweza kupasua bomba la gesi. Kwa hivyo lori lilitiwa boila ya kuchemshia maji, na maji ya moto yakawa yanayeyusha na kukata kwa wakati mmoja. Nkoroi haina haja ya boila. Baridi ya Julai yaweza kumtesa mfanyakazi aliyelowa, lakini haiugeuzi udongo kuwa jiwe.

Je, maji hayo yanaweza kuupasua mwamba wa Nkoroi? La, na yeyote anayemwambia mteja vinginevyo anamdanganya. Shinikizo linalotumika kwa kawaida halizidi sana bar 200, ambalo ni sawa na shinikizo lililo chini ya nguzo ya maji yenye kimo cha kilomita 2. Ni nguvu ya kutosha kukata udongo, kuchana ngozi na hata kuingiza maji mwilini mwa mtu. Kwa fonolaiti isiyooza, ni kuoshwa tu. Zipo mashine za viwandani zinazokata mawe kwa maji yenye mchanga, lakini shinikizo lake ni zaidi ya mara 10 ya hilo, nazo hukata vipande vya sakafu na meza, hazichimbi mashimo.

Mahali maji yanapofaa ni pale mwamba ulipochanganyika na udongo: mawe yaliyooza, changarawe, mapande yaliyozungukwa na mfinyanzi. Hapo maji hutoa udongo baina ya mawe, na mawe yenyewe hung'olewa kwa mtaimbo. Yanafaa pia katika tufu laini na katika mfinyanzi mweusi, ingawa huu wa mwisho hugeuka kinamo kinachonata katika bomba la kufyonza na kupunguza kasi ya kazi.

Faida yake kubwa, hata hivyo, ni kufichua vilivyofukiwa. Penye mwamba, mabomba huelekea kulazwa karibu na uso wa ardhi kwa sababu aliyeyalaza alichoka kabla ya kufika kina kinachotakiwa. Mengi ni ya plastiki, ambayo kifaa cha kutafutia chuma hakiyaoni. Sururu moja huyatoboa na kuwakatia maji watu wa mtaa mzima. Bomba kubwa kama lile la Nolturesh, linaloleta maji kutoka chemchemi za upande wa Loitokitok hadi Kajiado, Kitengela na Machakos, likipasuliwa huathiri miji kadhaa. Kebo ya umeme ikikatwa, anayeumia kwanza ni aliyeshika mtaimbo.

Kikwazo kingine ni maji yenyewe. Lori la aina hii hutumia maelfu ya lita kwa siku, na Nkoroi ni mahali ambapo familia nyingi hununua maji ya malori au ya kisima cha jirani. Kuyamwaga ardhini ili kuchimba mtaro ni jambo gumu kulieleza kwa mama aliyepanga mitungi. Tope linalotoka nalo lazima lipelekwe mahali. Kwa sababu hizi, zipo mashine zinazotumia hewa iliyoshindiliwa badala ya maji: hewa huuvunja udongo, ombwe huufyonza ukiwa mkavu, na udongo huo huo hurudishwa shimoni. Huenda mbinu hii ikaifaa Kajiado kuliko ile ya Kanada, hasa wakati wa kiangazi, ingawa katika mfinyanzi mgumu huenda polepole zaidi.

Nchini Marekani anayetaka kuchimba hupiga simu nambari 811, iliyoanza kutumika kote nchini humo mwaka 2007, na wenye mabomba na nyaya huja kuziwekea alama. Katika Nkoroi mwenye kazi hana budi kuuliza mmoja mmoja: Kampuni ya Maji ya Oloolaiser, Kenya Power, kampuni za intaneti na, jambo ambalo wengi hulisahau, jirani aliyejivutia bomba lake binafsi kutoka kwa kisima cha mtu mwingine. Bomba hilo halimo katika ramani yoyote.

ANAYESHUKA SHIMONI

Vifo vya mashimoni vina sababu chache, na zote zinajulikana. Ya kwanza ni kuporomoka. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzani wa zaidi ya tani moja na nusu, na mtu aliyefukiwa hadi kifuani hawezi kutanua mbavu avute pumzi, hata kama kichwa chake kiko nje. Mfinyanzi mweusi hudanganya: ukuta wake husimama wima kama uliopigwa pasi wakati wa kiangazi, kisha mvua ya usiku mmoja huingia katika nyufa na kuubomoa. Udongo uliotolewa unapolundikwa ukingoni huongeza uzito pale pale panapotaka kuvunjika. Unapaswa kukaa angalau sentimita 60 kutoka ukingoni, na zaidi ikiwezekana.

Kanuni za Marekani hudai kuta zitegemezwe au zilazwe mteremko shimo linapofika futi 5, isipokuwa lililo katika mwamba imara. Neno imara hapo si pambo. Mwamba wa juu wa Nkoroi mara nyingi ni mapande yaliyokaa bila kushikana, na pande moja la ukubwa wa mtungi, likiteleza kutoka futi 8 juu, humuua mtu aliye chini.

Sababu ya pili ni hewa. Moto uliowashwa shimoni kupasua mwamba huacha kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Injini ya pampu au kompresa ikiwekwa ndani ya shimo au karibu na mdomo wake hufanya vivyo hivyo. Wachimbaji wengi hushusha mshumaa au taa ya koroboi na kuamini kwamba ikiendelea kuwaka basi hewa ni salama. Imani hiyo ni nusu ya ukweli. Mshumaa huzimika oksijeni inapopungua, lakini huendelea kuwaka vizuri katika hewa yenye kaboni monoksaidi ya kutosha kuua. Mahali moto ulipowashwa, shimo lapaswa kupulizwa hewa safi kwa muda mrefu na kupimwa kwa kifaa, si kwa koroboi.

Katika shimo lililo karibu na choo cha zamani hupenya pia gesi ya hidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza. Hila yake ni kwamba inapozidi huilemaza pua, na anayeishiwa na harufu hudhani imekwisha. Ndipo mtu huanguka, mwenzake akashuka kumwokoa, naye akaanguka juu yake. Aliye juu anapaswa kuwa na kamba iliyofungwa tayari kwenye mwili wa aliye chini tangu mwanzo wa kazi, ili amvute bila kushuka.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtwika mwajiri wajibu wa kumlinda mfanyakazi, na Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka huo huo hutaka alipwe akiumia. Katika uchimbaji wa mashimo ya nyumbani, swali la nani ni mwajiri huulizwa baada ya msiba: mwenye ploti humtaja fundi, fundi humtaja mwenye ploti, na kibarua hakuwa na karatasi yoyote.

MAJI TAKA NA KISIMA CHA JIRANI

Hata shimo lililochimbwa kwa usalama huacha swali kubwa zaidi. Tangi la maji taka hutenganisha uchafu mzito na maji, na maji hayo huelekezwa katika shimo la pili ili yanywewe na ardhi. Udongo ulio mzuri huyachuja polepole, na vijidudu hufa njiani. Mwamba mzima usio na ufa hauyanywi kabisa: shimo hujaa, hufurika, na mwenye nyumba huita lori la kunyonya kila baada ya wiki chache. Mwamba wenye nyufa huyanywa kwa pupa, na hilo humfurahisha mwenye nyumba asiyejua yaendako.

Ufa hauchuji. Maji taka yanayoingia ndani yake yaweza kusafiri mbali kwa muda mfupi na kutokea katika kisima cha mtu mwingine yakiwa na vijidudu vyake vyote. Viwango vya kimataifa vya Sphere, vinavyotumiwa na mashirika ya misaada, hupendekeza choo kiwe angalau mita 30 kutoka kwa chanzo cha maji ya ardhini, na sakafu ya shimo iwe mita 1.5 au zaidi juu ya maji hayo. Penye mwamba wa nyufa, umbali huo haumhakikishii mtu lolote. Katika ploti za futi 50 kwa 100, ambazo upana wake ni mita 15 tu, kuufikia kunahitaji mpango wa pamoja wa majirani wanne au watano, nao aghalabu hawakununua wala kujenga wakati mmoja.

Visima virefu vya mashine haviko salama moja kwa moja. Bomba la juu la kisima lisipozibwa vyema kwa saruji, maji machafu ya tabaka za juu huteremka kando yake hadi chini. Hali kadhalika, maji ya kina katika nchi hii ya volkano mara nyingi huwa na floraidi inayozidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita, ambayo huacha madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto. Basi anayekimbia kisima kifupi kwa sababu ya vijidudu hukutana na tatizo jingine huko chini, na lisilotibiwa kwa kuchemsha. Sheria ya Maji ya 2016 hutaka kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji kabla ya kuchimba kisima kirefu, na vipimo vya maji ni sehemu ya kazi hiyo ambayo haifai kurukwa ili kuokoa pesa.

Penye mwamba mtupu, suluhu ambayo wahandisi hupendelea ni tangi lisilovuja, la saruji au plastiki, linalonyonywa kwa ratiba, au tangi lenye bustani ya mchanga na changarawe iliyoinuliwa juu ya uso wa ardhi ili maji yachujwe humo kabla ya kugusa mwamba. Tangi lisilovuja huhitaji kunyonywa mara nyingi, na gharama hiyo haionekani katika bei ya ploti.

KABLA YA KUTIA SAINI

Mapatano na wachimbaji hufanywa kwa futi. Bei ya futi ya udongo na bei ya futi ya mwamba zinapaswa kutajwa tofauti tangu mwanzo, pamoja na nani atakayelipia dizeli ya kompresa, nani atayaondoa mawe, na itapimwaje mahali udongo unapoishia. Bila hayo, mchimbaji aliyekubali bei moja hukimbia anapogonga jabali, na shimo lililoachwa wazi hujaa maji ya mvua, likawa hatari kwa watoto na mifugo.

Mnunuzi mwangalifu hufanya kitu kimoja zaidi kabla ya pesa kutoka mkononi. Humwomba muuzaji ruhusa ya kuchimba mashimo madogo ya majaribio katika pembe nne za ploti na moja katikati, kila moja upana wa futi 2 na kina cha futi 6 au mpaka mwamba utakapogongwa. Vibarua wawili huyamaliza kwa siku moja au mbili. Kisha hupiga mwamba kwa nyundo: mlio mkavu wa kengele ni wa lava ngumu, mlio mzito uliozibwa ni wa tufu au jiwe lililooza. Mwishowe hujaza mashimo hayo maji na kuyatazama asubuhi ya pili. Shimo ambalo maji yamebaki vile vile halitanywa maji taka, na lile ambalo maji yalitoweka kwa dakika chache lina ufa. Mnunuzi akishaliona hilo, huzunguka ua kuuliza kisima cha jirani kiko wapi.